Nyanya Alikula Voi Nzima Isipokuwa Kwetu

Sijui miji mingine hunuka vipi ikijiandaa kupokea wageni, lakini Voi hunuka udongo. Kila asubuhi ya wiki ile ya michezo lori la maji lilizunguka uwanja likinyunyiza polepole ili vumbi lisiwaingie wachezaji machoni, na ule udongo mwekundu, ambao mvua ya masika ilikuwa imeupita bila hata kuusalimia, ukaachia harufu nzito yenye utamu kidogo, harufu ya kumfanya mtoto atamani kulamba ukuta. Upepo uliileta moja kwa moja hadi kwenye nyumba za reli tulikokaa. Kabla jua halijapanda, harufu nyingine nazo zilikuwa zimeamka: mafuta ya viazi karai, muhogo ukichomwa juu ya mkaa, iliki ya mahamri, na moshi wa nyama ya mbuzi waliotoka Kishushe juu ya lori, wamebanana na wenyewe waliokuja kuwauza. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na hakika kwamba Mungu mwenyewe akiona njaa asubuhi, angeteremkia Voi.

Michezo ilikuwa ya kitaifa, ya shule za sekondari, na haikuwa imewahi kuletwa kwetu. Voi kwa kawaida ni mji wa kupitwa. Mtu anakwenda Mombasa, anakwenda Taveta, anakwenda mbugani kuangalia simba. Kwetu anashuka kujinyoosha mgongo, ananunua ndizi za Mboghoni dirishani, huyo anaenda zake. Sasa wiki hiyo watu walishuka na wakabaki, na sisi wenyeji tukaingiwa na wazimu. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Hoteli ya karibu na msikiti, iliyokuwa haijabadilisha pazia tangu nizaliwe, ilibadilisha pazia. Madarasa yakageuzwa mabweni, sisi wanafunzi tukafungiwa shule mapema, na kila mwenye chumba cha ziada akajiita mwenye gesti. Mama Mghoi, jirani yetu, Mtaita wa milimani aliyekuwa na ulimi mkali na moyo laini, alisema hata mbwa wa sokoni siku hizi wanatembea kama wameoga.

Kwetu habari ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu Mjomba Wafula, kitinda mimba wa kina mama, alikuwa anakuja kucheza. Shule yake ilikuwa imeshinda huko magharibi, na yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Lakini si Wafula aliyemkosesha mama usingizi. Wafula angelala na wenzake darasani, angelishwa na walimu wake. Aliyemkosesha usingizi ni nyanya, mama yake mzazi, ambaye alikuwa ametuma neno kupitia kwa dereva wa basi kwamba mtoto wake wa mwisho hawezi kwenda kucheza mpira mwisho wa dunia bila mtu wa kumtazama. Anakuja. Kwa treni. Tangu mama aolewe na kuletwa Voi, nyanya hakuwa amewahi kukanyaga kwetu hata mara moja, na mama alipopata habari hiyo alifurahi akaruka, halafu akakaa chini kwenye kigoda akaanza kulia.

Lazima nieleze, maana nikimsimulia mume wangu mambo haya bado hukuna kichwa. Kwetu, sisi watu wa magharibi, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani ovyo. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawapiti njia moja wakakutana. Si uadui, la hasha, ni heshima. Kadiri mnavyoheshimiana ndivyo mnavyokimbiana. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake akalala humo, wala hali chakula cha humo. Baba yangu alizaliwa palepale Voi, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyehamia zamani, na alikuwa hajaishi magharibi hata mwaka mmoja, lakini kwa jambo hili alikuwa mkali kuliko waliobaki nyumbani. Ndivyo walivyo watu waliohama: mila wanaibeba kama yai. Kwa hiyo mama yangu, mpishi wa kusifiwa nyumba zote za reli, alikuwa anamngoja mama yake kwa hamu ya miaka yote hiyo, na hakuwa na ruhusa ya kumwekea hata kikombe cha chai. Nilimsikia akimwambia Mama Mghoi kwenye uzio, "Nataka nimpakulie mara moja tu. Mara moja. Aone kwamba binti yake ana jiko." Mama Mghoi akasema, "Wee, basi alale kwangu. Mimi mkwe sina."

Baba alikuwa fundi wa reli, na kazi yake ilikuwa palepale stesheni. Asubuhi ambayo treni ilimleta nyanya, mwanamume huyu mrefu, ambaye hata mameneja walimwogopa kidogo, alijifungia katika stoo ya vifaa mpaka nilipokwenda kugonga mlango na kumwambia kwamba mgeni ameshapita sokoni. Alitoka na utando wa buibui kwenye helmeti yake ya manjano. "Mzima?" aliniuliza. Nikamwambia mzima, na ana meno yote, na amekuja na kuku wawili na gunia la njugu. Baba akatabasamu, akapangusa helmeti kwa kiganja, akarudi kazini. Aliipenda sana helmeti ile. Nadhani angelala nayo kama mama asingemkataza.

Siku ya kwanza mama alijaribu ujanja. Alipika chapati, zile zake laini zenye matabaka, akazifunga kwa kitambaa safi na kunituma nazo kwa Mama Mghoi, niseme zimetoka hotelini. Nyanya alikuwa ameketi barazani amenyoosha miguu. Alifungua kitambaa, akanusa, akakifunga tena taratibu. "Hii ni mikono ya binti yangu," alisema. "Naijua tangu aungue kidole akijifunza. Rudisha, mjukuu. Chungu cha mkwe ni chungu cha mkwe hata ukikibeba hadi Mombasa." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na kabla sijaondoka niliona akipitisha vidole juu ya kile kitambaa. Niliporudi nazo, mama alizipokea kwa mikono miwili. Aliziweka mezani, akatoka nje akajifanya anaanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.

Basi likapitishwa shauri kwamba mimi, Nekesa, nisiye na kazi wala shule, ndiye nitakayemtembeza mgeni mjini kutwa nzima, nimlishe huko nje na kumwonyesha Voi, na zaidi ya yote nihakikishe hakutani na baba. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, lakini wahenga hao hawakutembea na nyanya yangu. Alikula kila kitu isipokuwa miguu. Tulianzia kwa mama wa viazi karai, vile vya kuvikwa unga wa manjano, na nyanya alivila huku akimhoji mwenyewe mpaka akatajiwa kila kilichotiwa ndani. Tukaenda kwenye mahamri na mbaazi za nazi. Alipoambiwa kwamba ule mchuzi mweupe umetoka kwenye nazi alisimamisha kijiko hewani. "Mnakamua mti?" Mwenye hoteli, mzee wa Kiswahili mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa, iliyonyooka, alicheka hadi akashika meza, akamwambia, "Ndiyo bibi, tena hauna mateke." Kesho yake tulirudi palepale, na kesho kutwa pia. Muhogo wa kuchoma aliusifu, ila pilipili na ndimu aliona ni kuudhulumu. Juisi ya ukwaju ilimfanya afumbe jicho moja. Achari za embe alizitema, akatazama kama kuna aliyeona, kisha akaomba nyingine.

Na Mama Mghoi naye hakukubali kushindwa na wauza barabarani. Jioni moja alipika kimanga, kile chakula cha Wataita cha muhogo na maharagwe kinachopondwa kwa mwiko mpaka mkono ufe ganzi, na akampa nyanya mwiko aponde pia. Walipokezana, hawa wanawake wawili wasiokuwa na lugha moja ya mama, wakipumua kwa nguvu na kuchekana. "Ponda, mama, ponda! Hapa hakuna kumbembeleza," Mama Mghoi alikuwa akisema. Mama yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, ameshika waya. Nyanya alikula sahani mbili akajishika tumbo, na mama akacheka pamoja nao, halafu akaingia ndani mapema kuliko kawaida yake.

Kumkwepa baba ndiyo ilikuwa kazi. Voi ni mji mdogo, na wiki ile watu wote walikuwa barabarani. Nilitembea hatua kadhaa mbele ya nyanya nikichungulia kila kona, na nikiona manjano ya helmeti kwa mbali nilirudi mbio nikisema, "Kata kushoto, nyanya, kata kushoto!" Naye, mwanamke mnene wa makamo yale, alikuwa anakata kushoto akiingia kwenye duka lolote lililo karibu. Siku moja tuliingia kwa kinyozi. Siku nyingine tulijikuta katika duka la majeneza, na nyanya kwa adabu zake akauliza bei. Baba naye alikuwa na mashaka yake, wenzake wa reli walimgeuza mchezo, mmoja akipiga kelele "Mama mkwe huyo!" baba anatumbukia nyuma ya behewa. Naona sasa kwamba watu wale wawili walifanya mazoezi wiki ile kuliko wachezaji.

Nilimpandisha pia kilimani, kwenye ule mlima wa mawe unaousimamia mji, ili aone mbuga. Alipumzika kila jiwe, lakini alifika. Kule chini nyika ilikuwa imelala kimya hadi upeo wa macho, reli ikiipasua, na karibu na maji kulikuwa na ndovu. Nyanya alikuwa hajawahi kuona ndovu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wa kwetu ni wekundu. "Wameungua?" aliniuliza kwa huruma. Nikamweleza kwamba wanajimwagia udongo. Alikaa akawatazama kwa muda mrefu, hasa mmoja mkubwa aliyekuwa akimsukuma mwanawe majini kwa kichwa. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Mama yako alikuwa mtoto wa kunifuata mpaka chooni. Sasa nimekuja hadi mlangoni kwake, na ninakula kwa watu kama msafiri." Nilimpa kipande cha kashata nilichokuwa nimekificha, akakikata nusu, tukala.

Mjomba Wafula naye alikuwa anafunga. Mechi baada ya mechi timu yake ilisonga mbele, na mji mzima ukaanza kumwita "wetu" kwa sababu dada yake anakaa nyumba za reli. Ilipofika nusu fainali hakuna aliyebaki nyumbani ila wagonjwa. Mpango wetu wa uwanjani ulikuwa umenyooka: nyanya na wanawake wa kanisa walikaa upande wa goli la sokoni, baba na watu wa reli upande wa goli la stesheni, na uwanja mzima katikati yao. Kitu ambacho hakuna aliyekipangia ni jua. Uwanja ulikuwa na jukwaa moja tu la mabati, na kadiri alasiri ilivyosogea ndivyo watu wa kila upande walivyokimbilia kivuli chake, wakibanana, wakipandana, mpaka wa sokoni na wa stesheni wakawa kitu kimoja. Mimi sikuona hayo. Nilikuwa nimetumwa barafu, zile juisi za kugandishwa kwenye mifuko ya plastiki, na foleni ilikuwa ndefu kama ya mahindi ya msaada.

Niliposikia kelele nilijua ni goli. Nilikimbia huku barafu zikinichoma viganja. Uwanja ulikuwa umepinduka: kayamba, makopo, miluzi, watu wazima wakirushana, na pale kwenye kona ya kivuli niliona helmeti ya manjano ikipanda na kushuka. Baba alikuwa anarukaruka, amemkumbatia mama mmoja mnene wa leso, naye mama huyo amemkumbatia kwa mikono miwili, wanazunguka wakipiga kelele "Wafula! Wafula!" kila mmoja kwa furaha yake. Leso ile ilikuwa ya Mama Mghoi. Ndani ya leso alikuwa nyanya. Hawakujuana hata kidogo! Watu hao walikuwa wamekwepana kwa bidii kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuiona sura ya mwenzake. Nilijaribu kufikiri jambo la akili, nikashindwa, mdomo ukafunguka wenyewe: "Baba! Huyo ni nyanya!"

Sijawahi kuona mikono ikiachana upesi vile. Nyanya alitoa sauti, "Mayooo!" akajifunika leso uso mzima na kukaa chini pwaa kama mtu aliyekatwa miguu. Baba alirudi nyuma, akajikwaa, helmeti ikamtoka, na badala ya kuiokota akageuka akapasua umati wa watu akikimbia kuelekea stesheni, na inasemekana hakusimama hadi alipofika stoo. Waliotujua waliangua kicheko, wasiotujua wakauliza kama ni mwizi. Mechi iliendelea, timu ya Wafula ikafungwa mawili dakika za mwisho, na sisi hatukuona hata moja. Nyanya alikuwa amekaa pale chini, ameipakata helmeti ya baba bila kujua, anatikisa kichwa. Barafu zote nilizodondosha zikayeyuka zikawa tope.

Jioni ile hali ilikuwa mbaya. Nyanya alifunga mzigo wake barazani kwa Mama Mghoi, anasema ataondoka na treni ya kwanza, kwamba amezeeka akapata aibu ambayo mama yake hakumfundisha. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, analia wazi kabisa, sikuwahi kumwona vile. "Mama, utarudi nyumbani hujaonja hata chumvi yangu? Watu watakuuliza kwa binti yako kukoje, utasema nini? Utasema kwa Mama Mghoi kuzuri?" Nyanya alizidi kukaza kamba ya mzigo. Mama Mghoi alikuwa anachezea ufunguo. Mimi nilidhani yote ni kosa la mdomo wangu, nikajibanza nyuma ya pipa la maji.

Kisha nikamwona baba kwenye uzio, upande wetu, ametupa mgongo kama desturi inavyotaka. Kichwa chake kilikuwa wazi na kilionekana kidogo mno bila helmeti. Alikuwa na blanketi jipya mabegani, jekundu la miraba, bado lina karatasi ya dukani, ile faini ambayo kwetu mkwe hutoa akivunja heshima. Baba hakuwa msemaji. Alikohoa, akaita, "Nekesa. Mwambie mgeni hivi. Mwambie mkwe wake amekosa, na kwa kukosa analeta blanketi." Nikamwambia nyanya, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Baba akaendelea, "Tena mwambie, ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Kama nimeshamkumbatia mama mkwe mbele ya Voi nzima, mbele ya mwenyekiti wa kanisa, na mbele ya waliokuja kutoka kila pembe ya Kenya, imebaki nini cha kuficha? Mwambie mlango uko wazi. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba."

Nyanya aliitazama ile helmeti mapajani mwake, akaigeuza huku na huku. Ghafla mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha chini kwa chini kinachomtoka mtu kwa nguvu. "Mwambie," alisema akijipangusa macho, "mkwe wangu ana mikono kama koleo la fundi. Mbavu zinaniuma. Mwambie blanketi nimepokea." Akafungua gunia lake, akaijaza helmeti njugu mpaka pomoni, akanipa nipeleke kwenye uzio. Halafu akamgeukia mama yangu aliyekuwa bado amepiga magoti. "Sasa wewe unangoja nini? Mimi nina njaa."

Kesho yake mama alipika kama mtu anayepika kwa ajili ya ufalme. Jogoo mmoja alichinjwa, ugali wa wimbi ukasongwa, mboga za kienyeji zikatiwa maziwa. Alionja, akasahau kwamba ameonja, akatia chumvi. Akageuka kusonga ugali, akarudi, akatia tena. Mimi nilimwona na sikujua kwamba ni mara ya pili, nikadhani ndivyo sherehe zinavyotiwa chumvi. Nyanya aliingia na blanketi lake mabegani ingawa jua lilikuwa linapasua mawe. Alisimama kizingitini kwanza, akatazama makabati, vitambaa vya kufuma, picha ya harusi, jiko, masufuria yaliyosuguliwa hadi yakawa vioo. Akatazama yote polepole. Kisha akakaa, akanawa, akala.

Mama hakukaa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni ameshika mwiko, hali, anamtazama tu mama yake akimega ugali. Nyanya alionja ule mchuzi, nami niliona koo lake likisita kidogo. Akameza. Akamega tena, akachovya tena, akala mpaka sahani ikawa nyeupe, akaongezewa, akaimaliza hiyo pia. Kwetu firigisi ni ya mwenye mji, yaani baba wa nyumba, na nyanya aliitoa sahanini kwa vidole viwili akaniwekea kiganjani. "Mpelekee mwenye mji," alisema. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama karibu na ukuta, helmeti kichwani, ameshika sahani yake kwa adabu kama mtu aliye kanisani. Alitia firigisi mdomoni, macho yakamtoka. "Mwambie mgeni asante," alisema baada ya kumeza. Halafu kwa sauti ya chini, "Niletee maji. Mengi." Ndani nilimkuta nyanya ameshika mkono wa mama, anamwambia kwamba tangu azaliwe hajala chakula kitamu kama kile. Mama alikuja kugundua baadaye, alipopakua chake. Alitema, akashika kichwa, akacheka na kulia kwa pamoja.

Siku iliyofuata nyanya alirudi magharibi, na maji aliyokunywa treni nzima ni Mungu ajuaye. Alisema atakuja tena mwakani. Hakuja. Kulikuwa na mavuno, kisha goti, kisha ugonjwa, na kabla sijamaliza shule tulikwenda sisi kumzika, akiwa amefunikwa lile blanketi jekundu. Chakula kile chenye chumvi maradufu ndicho pekee alichowahi kukila kwenye nyumba ya binti yake.

Voi ya leo ungemwonyesha nyanya angesema umempotosha njia. Treni mpya inakuja mchana mchana na haimpi mtu nafasi ya kununua ndizi dirishani. Bodaboda zimejaa, uwanja umejengwa majukwaa ya haja, jua halimlazimishi mtu tena kukaa na asiyemjua. Viazi karai bado vipo, na udongo ukimwagiwa maji bado unanuka vilevile. Mimi nimeolewa na Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, na michezo inapokuja mjini mama hushuka kutoka kwa dada yangu Nairobi kuja kutazama. Mume wangu humpokea stesheni kwa kumkumbatia mbele za watu, na hakuna anayegeuza shingo. Baba, kabla hajafariki, alikuwa akishuka naye na kutazama pembeni wakifanya hivyo, akikohoa.

Mama huja mara nyingi sasa, na akija hukaa wiki kadhaa. Anaingia bila kubisha, anafunua sufuria kabla hajavua viatu, anakaa mezani na mkwe wake wakibishana habari za siasa. Na kila mara, bila kukosa, anaonja mchuzi wangu, anasukuma sahani kidogo na kusema, "Nekesa, hii chumvi imezidi." Kila mara hukasirika. Nilikasirika hata Jumapili iliyopita; nilisimama pale mlangoni mwa jikoni na mwiko wangu, jibu likiwa limeshafika ulimini. Halafu nikamtazama akisukuma sahani, hana haraka, hana hofu ya kuniudhi, mwanamke anayejua kabisa kwamba Jumapili ijayo atakula hapahapa. Nikameza jibu langu. Nikaenda nikampakulia tena.